Skrubu Moja, Oringi Moja: Kumrudisha G.I. Joe wa Utotoni

Boksi la midoli ya zamani likishushwa kutoka juu ya kabati, G.I. Joe wengi wa miaka ya 1980, wale midoli ya askari, hutoka wakiwa vipande viwili: kifua na mikono huku, kiuno na miguu kule. Mwenye nao huguna, huona wamekwisha, na wengine hutupwa siku hiyohiyo. Ni hasara ya bure. Kwa midoli hii midogo ambayo kampuni ya Hasbro ya Marekani iliiuza kuanzia 1982 hadi 1994, kukatika kiuno si kuvunjika. Ni mpira tu wa duara, yaani oringi, uliokatika ndani, na mpira huo ulitengenezwa uweze kubadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi ndogo na subira kidogo.

Tuelewane kwanza tunamzungumzia yupi. G.I. Joe wa mwanzo alitoka 1964, mrefu karibu sentimita 30, na alivaa nguo za kitambaa zinazovulika. Huyu wetu ni yule wa inchi 3¾, yaani sentimita 9.5 hivi, ambaye gwanda, mkanda na buti vyake vimefinyangwa kwenye plastiki yenyewe. Kimo hicho watoto walikuwa wameshakizoea kupitia midoli ya Star Wars iliyotengenezwa na Kenner kuanzia 1978. Lakini ile ya Kenner iligeuka shingoni, mabegani na nyongani tu, na mwili wake ulikuwa umegandishwa moja kwa moja. He-Man wa Mattel, naye wa 1982, alikuwa na springi kiunoni ya kurusha ngumi, na kumfungua bila kumharibu ni kazi ya mtu mzoefu. Joe peke yake ndiye aliyekunja viwiko na magoti, akageuka kiunoni, kisha akawekewa skrubu mgongoni. Skrubu hiyo ndiyo inayofanya makala haya yawe na maana.

Ndani yake kuna vitu vichache sana. Kifua ni maganda mawili, la mbele na la nyuma, yaliyobanwa na skrubu hiyo moja. Kichwa na mikono havina kifungo chochote. Vimekaa kwenye vitundu vyake, na maganda yakifungwa ndiyo yanavishika. Chini yake kuna kipande cha kiuno kinachojitegemea, chenye uwazi katikati. Miguu miwili inaunganishwa na kijichuma chenye umbo la T: mikono ya T inaingia kwenye matundu yaliyo upande wa ndani wa mapaja, na shina lake limekunjwa kuwa kulabu inayotazama juu. Oringi inaikamata kulabu hiyo, inapanda kupitia uwazi wa kiuno, inaingia kifuani na kuizunguka nguzo ya plastiki ambamo skrubu inajikaza. Basi. Mvutano wa mpira huo mmoja unabana miguu kwenye kiuno na kiuno kwenye kifua kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtoto aliweza kumsokota Joe kiunoni mara kadhaa kisha akamwachia azunguke kama pia, au kumvuta miguu aone mpira kisha aiachie irudi kwa kishindo kidogo. Na ndiyo maana mpira ukikatika, kila kitu kinaachia pamoja.

Kwa nini mpira unakufa kabla ya plastiki

Mpira mweusi wa kawaida hushambuliwa na oksijeni na ozoni iliyo hewani. Uliovutwa hushambuliwa vibaya zaidi kuliko uliolegea, kwa sababu nyufa ndogondogo hufunguka kukatiza upande unaovutwa, na kila ufa ukifunguka unaanika mpira mpya chini yake. Oringi ya Joe inaishi maisha yake yote ikiwa imevutwa. Kwa hiyo hata mdoli ambao haujawahi kutolewa kwenye kadi yake unaweza kukutwa umeachana kiunoni. Hakuna aliyeuchezea vibaya.

Mpira mzee hufa kwa namna mbili. Mwingine hukauka, ukawa mgumu na kukatika kama uzi mbovu. Mwingine hulainika na kunata, ukaacha uji mweusi kwenye kulabu na kwenye nguzo ya kifua. Huu wa pili ni mchafu zaidi na haufai kuachwa humo, hivyo mdoli wowote wa umri huo ufunguliwe hata kama kiuno bado kinashika. Ukiinamisha miguu mbele kisha uone haibaki pale ulipoiweka, au ukimshika kifuani miguu ikaning'inia na kugongana, mpira umeshachoka. Usisubiri ukatike wenyewe, kwa sababu unaweza kukatika Joe akiwa rafuni na kumwangusha sakafuni, na hapo kidole gumba ndicho kinacholipa.

Kuchagua oringi

Oringi inayowafaa wengi wao ina kipenyo cha ndani cha karibu milimita 11, cha nje karibu milimita 16, na unene wa milimita 2.4 hivi. Kwa wanaouziwa kwa inchi, ni 7/16 kwa 5/8 kwa 3/32. Hizi ni oringi za kawaida zinazotumika kwenye koki za maji. Hakuna sababu ya kulipia zaidi kwa sababu tu zimeandikwa jina la mdoli kwenye pakiti. Nunua kadhaa, na kama unaweza, chukua na saizi moja juu na moja chini, maana midoli ya miaka tofauti haikutoka kiwandani na nafasi sawasawa ndani ya kifua.

Unene una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Oringi nene mno inajaa kwenye uwazi wa kiuno, miguu inagoma kugeuka, na ukiilazimisha nguvu yote inaishia kwenye kipande cha kiuno, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Nyembamba mno, au pana mno, inaacha miguu inalegalega na mdoli hausimami. Kipimo kizuri ni hiki: ukimshika kwa kifua ukamtikisa taratibu, miguu isicheze; ukiinua mguu mmoja kwa kidole kimoja, upande bila mwenzake kufuata.

Kuhusu aina ya mpira, zile nyeusi za NBR ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na zinafanya kazi, ila sifa yake kubwa ni kuvumilia mafuta na petroli, jambo ambalo Joe halihitaji. Dhidi ya ozoni, NBR ni dhaifu. EPDM, aina nyingine ya mpira, ni kinyume chake: mafuta yanaiharibu lakini hewa haiisumbui, na kwa mdoli wa kukaa rafuni ndiyo ninayoipendekeza. Silikoni nayo haijali ozoni, ila ikipata mkato mdogo tu huchanika mara moja, na kulabu za zamani wakati mwingine zina ukali kwenye ncha. Ukichagua silikoni, pitisha kwanza msasa laini kwenye kulabu mpaka kucha yako isikwaruzike.

Kufungua

Tafuta bisibisi ya nyota ndogo, namba 0 au namba 1, na ujaribu ipi inajaa kichwa cha skrubu bila kucheza. Hapa ndipo midoli mingi inapoharibiwa: bisibisi ndogo kuliko inavyotakiwa inakula kichwa cha skrubu mpaka kinakuwa duara tupu, na baada ya hapo hakuna njia ya upole. Kama kuna uchafu, uchokoe kwa kijiti cha meno. Kama kuna kutu, tia tone la siki kwa pamba ya masikio, acha lifanye kazi kidogo, futa na ukaushe. Kisha gandamiza kwa nguvu, zungusha polepole. Uzito uwe kwenye kugandamiza kuliko kuzungusha.

Piga picha mbele na nyuma kabla hujagusa chochote. Laza mdoli kifudifudi kwenye trei au kitambaa chenye rangi tofauti na plastiki yake, ili ganda la nyuma likiinuka, mikono na kichwa vibaki vimelala kwenye ganda la mbele. Kama mpira bado uko hai, shika miguu kwa mkono wa pili wakati unainua ganda, la sivyo kile kijichuma cha T kinaruka, na kijichuma hicho kikipotea ndicho kitakachokusumbua kukipata kuliko kitu kingine chochote ndani ya mdoli.

Usafi ni maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, na mswaki laini. Usiloweke mikono na miguu. Viwiko na magoti vimefungwa kwa ribiti za chuma, maji yakikaa humo yanaleta kutu, na kutu inavimba na kupasua plastiki inayoizunguka. Osha, kung'uta, kausha papo hapo. Mabaki ya mpira ulioyeyuka yatoe kwa kijiti cha meno kwanza, kisha kitambaa chenye sabuni. Asetoni isisogezwe karibu kabisa, kwani inayeyusha plastiki ya ABS ambayo sehemu kubwa ya mwili imetengenezwa nayo. Spiriti nayo inaondoa rangi ya nyusi na macho kabla hujajua, hivyo itumie ndani ya kifua tu, mahali pasipo na rangi. Zile sponji nyeupe za kufutia ukuta ni msasa wa aina yake: zitatoa alama ya wino, na zitatoka na mng'ao wa plastiki.

Hapa Snake Eyes, mmoja wa Joe wa 1982, ana raha yake. Alitoka mweusi mtupu, bila tone la rangi, kwa sababu Hasbro walitaka kubana gharama za upakaji kwenye seti ile ya kwanza. Mdoli wa bei rahisi kuliko wote kuutengeneza ukaja kuwa kipenzi cha wengi. Kwa anayeusafisha leo, hauna rangi ya kubanduka. Kasoro yake ni kwamba kila mkwaruzo na kila alama nyeupe ya plastiki iliyokunjwa inaonekana toka mbali.

Kufunga

Kabla ya kurudisha chochote, kiangalie kipande cha kiuno kwenye mwanga mkali. Tafuta nyufa nyembamba au weupe kwenye kile kidaraja kinachopita katikati ya miguu. Kama ufa upo, usiweke oringi mpya yenye nguvu juu yake. Chagua iliyo laini au nyembamba kidogo, au utafute kiuno kingine.

Vika oringi kwenye kulabu. Ingiza mikono ya T kwenye matundu ya mapaja, ukihakikisha vidole vya miguu vyote vinatazama mbele. Bana miguu pamoja kwa vidole viwili, ingiza mpira kwenye uwazi wa kiuno kutoka chini, na uuvute juu kwa kibano kisicho na meno au kwa waya uliokunjwa ncha. Miguu ikae vizuri kwenye mabonde yake ya kiuno. Sasa ganda la mbele likiwa limelala, vuta mpira mpaka uvuke nguzo ya skrubu na uuachie taratibu. Ukikuta mpira umejisokota, utoe na uuweke upya, kwa sababu mpira uliosokotwa unamgeuza Joe kiuno upande mmoja na hatasimama wima hata umbembeleze vipi.

Weka mikono na kichwa kwenye vitundu vyake, funika ganda la nyuma, na ulibane kwa vidole kabla ya kugusa skrubu. Maganda yanapaswa kukutana pande zote bila nguvu. Yakiacha mwanya ubavuni, mara nyingi ni mpira umebanwa katikati. Begani, ni mkono haujakaa sawa. Fungua utazame. Skrubu haikuwekwa pale kufinya kitu ambacho hakijakaa mahali pake.

Halafu siri ya mafundi wa plastiki: ukiweka skrubu kwenye tundu, izungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka uhisi imeshuka kidogo. Hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani. Ndipo ukaze. Ukianza kukaza moja kwa moja, skrubu inachonga njia mpya kando ya ile ya kwanza, na baada ya kufunguliwa hivyo mara chache nguzo inabaki unga. Acha pale maganda yanapokutana. Robo ya ziada ndiyo inayopasua nguzo, na nguzo iliyopasuka huwezi kuiona kwa nje. Utashangaa tu kwa nini skrubu inazunguka bila kushika.

Makosa ya kawaida baada ya kufunga ni ya mpangilio. Kama viwiko vinakunjia nyuma, mikono imebadilishana. Kama vidole vya miguu vinatazama nyuma, miguu imegeuzwa. Kama mkanda hauna bizimu mbele, kiuno kimegeuka. Maandishi ya hakimiliki na nchi ilikotengenezwa yanakaa nyuma, sehemu ya makalio.

Vidole gumba, viwiko, na kiuno kilichovunjika

Kidole gumba ndicho jeraha maarufu la Joe. Plastiki ni nyembamba, bunduki ni ngumu, na mpini mara nyingi ni mnene kuliko nafasi ya kiganja. Mtoto alisukuma mpini kutoka mbele, kati ya gumba na vidole, na gumba likaachia. Njia salama zaidi ni kutelezesha mpini kutoka juu au chini ya kiganja, ukifuata mkondo wa ngumi. Ukigoma, uache. Mdoli wa kuonyesha hauna haja ya kushika silaha mwaka mzima, kwa sababu plastiki iliyobanuliwa muda mrefu hupata ufa hata bila kuguswa. Mlazie bunduki miguuni, au mvike mkoba wake mgongoni.

Gumba lililokatika na bado lipo linaweza kugandishwa kwa supagluu, lakini eneo la kugusana ni dogo mno na halitabeba kitu tena. Wenye mkono mtulivu hutoboa pande zote mbili kwa kitoboo cha nusu milimita na kuweka kipande cha waya wa shaba katikati kabla ya gundi. Supagluu itumike kidogo sana. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kuzunguka mahali ulipogandisha, na kwenye plastiki ya rangi nzito unaonekana vibaya. Acha mdoli mahali penye hewa mpaka gundi ikauke kabisa.

Kiuno kilichovunjika ni habari nyingine. Supagluu ni ngumu na haina unyumbufu, na pale oringi inavuta saa 24, hivyo itaachia. Gundi za kuyeyusha ABS hushika vizuri zaidi kwa sababu zinaunganisha plastiki yenyewe, lakini hata hizo kwenye kile kidaraja chembamba ni za kubahatisha. Maoni yangu: kiuno kikivunjika, tafuta kingine kutoka kwa mdoli uliokwisha. Ndivyo wakusanyaji wengi wanavyofanya, na ndiyo sababu ya kutotupa hata Joe asiye na mkono.

Ila vipuri haviingiliani ovyo. Midoli ya 1982 ilikuwa na mikono iliyonyooka isiyozunguka juu ya kiwiko. Mwaka 1983 ukaja mkono unaozunguka kwenye msuli, na wale wa 1982 wakatolewa upya wakiwa nao. Mwaka 1985 shingo ikabadilishwa kuwa ya gololi, kichwa kikaweza kuinama na kutazama juu. Kichwa cha 1985 na kuendelea hakikai kwenye kifua cha 1984 na nyuma, hata ukikikatakata. Mwaka uliochapwa makalioni unasaidia, lakini kumbuka unakuambia umri wa umbo la kiuno, si lazima wa mdoli mzima: viuno hubadilishwa, na maumbo yalitumika tena. Vipo pia vilivyotoka nje ya Marekani, kama vile Action Force ya Palitoy wa Uingereza, Comandos em Ação ya Estrela wa Brazili, na ile ya Funskool wa India. Maumbo mengi yanafanana, rangi za plastiki zinatofautiana, kwa hiyo mkono wa kuazima unaweza kuingia vizuri na bado ukapiga kelele machoni.

Kiwiko kilichoshikwa na kutu kisilazimishwe. Tone dogo la mafuta ya silikoni kwa ncha ya kijiti, liache usiku kucha, kisha kunja kidogokidogo huku umeshika karibu kabisa na ribiti. Epuka mafuta ya mashine. ABS iliyo kwenye mvutano hupasuka ikikutana na baadhi ya mafuta ya petroli. Kiungo kilicholegea kinahitaji kinyume chake: tabaka jembamba la vanishi ya akriliki ya maji, iliyopenyezwa kwenye kiungo kwa brashi ndogo, kikunjwe mara kwa mara inapokauka ili kisigande. Kuna wanaofinya ribiti kwa plaizi. Inafanya kazi mpaka siku haifanyi, na siku hiyo mkono unapasuka.

Weupe uliogeuka manjano

Storm Shadow, mdoli mwingine wa mfululizo huu wa 1984, alikuwa mweupe, na kupata aliyebaki mweupe hivyo ni shida. ABS ina chembe za mpira ndani yake zinazoipa ustahimilivu, na hizo ndizo zinazoungana na oksijeni, hasa zikipigwa na mwanga wa urujuanimno, na kuleta umanjano. Plastiki nyeupe na ya kijivu ndizo zinazoonyesha zaidi, na umanjano hauji sawasawa: upande uliotazama dirisha hutangulia.

Dawa inayotumika ni haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa urujuanimno, njia iliyopata umaarufu kwa jina la Retr0bright tangu 2008, ikianzia kwa wapenzi wa kompyuta za zamani. Nguvu ya kati ya asilimia 6 na 12 inatosha. Vaa glavu na miwani, kwani asilimia 12 inaunguza ngozi. Fungua mdoli kabisa, na usitumbukize sehemu yenye ribiti, maana peroksaidi inashambulia chuma na kutu itachora plastiki. Hii inamaanisha mikono na miguu, yaani sehemu kubwa ya mdoli, haiwezi kuloweshwa kwa usalama. Inapakwa krimu ya saluni ya peroksaidi kwa brashi, ukiruka viungo, kisha inafungwa kwa plastiki nyembamba isikauke. Krimu ikikauka sehemu moja na kubaki mbichi nyingine, unapata mabaka kama mawingu ambayo hayatoki. Geuza mara kwa mara, angalia kila saa, na uache kabla hujaridhika kabisa, kwa kuwa plastiki iliyopitilizwa hugeuka nyeupe ya chokaa. Rangi iliyopakwa, kama ile nembo ya kifuani, inaweza kufifia. Zungukia mbali nayo.

Na umanjano unaweza kurudi. Kwa Joe mwenye umanjano mdogo, uliosambaa sawasawa, mimi naona aachwe. Zartan, naye wa 1984, ndiye asiyeguswa kabisa kwa njia hii: ngozi yake ilitengenezwa ibadilike rangi ikipigwa na jua, na kila dakika ya mwanga mkali inamaliza uwezo huo. Wengi wa umri wake hawabadiliki tena, au hubadilika kidogo tu.

Kupaka rangi upya nyusi na nywele zilizofutika ni jambo ninalolipinga moja kwa moja. Uchakavu wa usoni ni wa mikono ya mtu, na rangi mpya hailingani na ya kiwandani hata siku moja. Kama ni lazima, tumia akriliki ya maji inayoweza kutolewa, na ukija kuuza mdoli huo, sema. Vilevile kwa silaha: visu, mikoba na bunduki vidogo vilipotea kwa wingi, na soko limejaa vya kuigizwa. Cha kuigizwa mara nyingi kina mng'ao tofauti, mistari ya umbo iliyo minene, na maelezo madogo yaliyofifia. Hakuna ubaya kumvika Joe wako panga la kuiga. Ubaya ni kuliuza kama la asili.

Kuhifadhi

Kabatini, mbali na dirisha na mbali na darini, ambako joto hupanda na kushuka kila siku. Kila mdoli kwenye mfuko wake wa polithini au polipropilini, ile mifuko migumu kidogo inayolia ikikunjwa. Mifuko laini ya vinaili haifai: kilainishi kilicho ndani yake huhamia kwenye ABS na kuifanya inate, kisha iyeyuke. Vivyo hivyo kwa mirija na vifaa laini vya baadhi ya midoli. Mrija uliolala juu ya paja kwa miaka unaacha mfereji wa kudumu, kwa hiyo vifaa vikae mfuko wao. Silaha zitoke mikononi. Kwa uhifadhi wa miaka mingi bila kutazamwa, wengine hutoa oringi kabisa na kumfunga Joe bila mpira, miguu pembeni, na hilo ndilo salama zaidi kwa kiuno chenye ufa.

Ndani ya kila mfuko weka kikaratasi: jina la mdoli, saizi na aina ya oringi iliyomo, na mwaka ilipowekwa.